Ukingo Mmoja, Kazi Tatu: Kukwama kwa Maganda ya Risasi katika Bastola za Silinda

Mhadhara huu unahusu tatizo dogo la kiufundi ambalo walenga shabaha wanaotumia bastola za kipimo cha .22 hulijua kwa vidole kabla ya kulijua kwa akili, yaani ganda la risasi kukataa kutoka katika tundu lake baada ya risasi kufyatuliwa. Hoja inayotetewa ni kwamba chanzo cha tatizo kimo katika umbile la risasi yenyewe, kwa kuwa ukingo wake mwembamba umebebeshwa kazi tatu zinazogombana, na kwamba kila tiba inayotegemea nguvu za mkono badala ya usafi na vipimo huishia kuharibu kile ilichokusudia kuponya. Mazingira yanayoangaliwa ni ya Kitengela na kaunti ya Kajiado kwa jumla, si kwa sababu kanuni za fizikia hubadilika mtu anapoiacha barabara ya Mombasa na kushika ile ya Namanga, bali kwa sababu vumbi la nyanda zile, mazizi ya mifugo yaliyo karibu na nyumba, na sheria ya Kenya kuhusu utengenezaji wa silaha hulipa tatizo hili sura yake ya pekee.

Kwanza yafaa istilahi ziwekwe wazi, maana katika mazungumzo ya kawaida neno risasi hubeba maana nyingi mno. Katika mhadhara huu, risasi ni kitu kizima kinachoingizwa katika silaha: ganda la shaba nyeupe, baruti iliyomo ndani, fataki inayoiwasha baruti hiyo, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Bastola ya silinda ni ile yenye gudumu la chuma lililotobolewa matundu sita, manane, tisa au hata kumi, ambapo kila tundu hubeba risasi moja na gudumu huzunguka hatua moja kila kifyatulio kinapovutwa. Risasi nyingi za bastola za polisi na za ulinzi zina fataki katika kikombe kidogo kilichopachikwa katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya .22 haina kikombe hicho. Fataki yake hunyunyizwa ikiwa mbichi, kisha huzungushwa kwa kasi hadi ienee ndani ya ukingo ulio wazi kama pindo la nguo, na pini ya bastola haigongi katikati bali hugonga pembeni na kuuponda ukingo huo ili fataki iwake. Ndiyo maana huitwa risasi ya kugongwa ukingoni.

Ukingo huo una upana wa milimita 7.06 na unene wa milimita 1.09, na juu yake zimewekwa kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kuhifadhi fataki, na kwa ajili hiyo shaba yake lazima iwe nyembamba na laini, vinginevyo pini isingeweza kuiponda. Ya pili ni kuizuia risasi isizame ndani ya tundu, kwa kuwa ni ukingo tu unaokaa juu ya mdomo wa tundu na kuiweka risasi mahali pake. Ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mhadhara huu, ni kutoa mahali pa kushika wakati wa kulitoa ganda tupu. Mtu aliyepewa kitu cha kushikwa na kuvutwa angekitengeneza kiwe kinene na kigumu, ilhali aliyepewa kitu cha kupondwa angekitengeneza kiwe chembamba na chepesi kukunjika, na risasi ya .22 haikupata nafasi ya kuchagua, kwa hiyo ilichukua ulaini. Kila ganda linalong'ang'ania tundu ni deni la ulaini huo.

Kinachotokea wakati wa kufyatua ni cha haraka mno kwa jicho la binadamu, lakini kinaeleweka vizuri. Baruti inapowaka, gesi ndani ya ganda hufikia kanieneo, yaani msukumo wa gesi juu ya kila eneo la ukuta, ambao kiwango chake cha juu kinachoruhusiwa kwa risasi ya .22 ndefu ni pauni 24,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari dogo hujazwa pauni 30 hivi, kwa hiyo ganda hilo dogo lenye urefu wa milimita 15.6 hustahimili msukumo wa mara mia nane ya ule wa tairi. Haliwezi kuustahimili peke yake. Hutanuka mpaka likaegemea ukuta wa chuma wa tundu, na kutanuka huko ndiko kunakoziba njia ili gesi isirudi nyuma kwenye uso wa mpigaji. Kichwa kinapotoka mtutuni na kanieneo kushuka, ganda hunywea. Kunywea huku ndiko kunakoleta nafasi ndogo, nyembamba kuliko unywele, inayoliwezesha kutoka. Shaba laini haina mrejeo mkubwa kama shaba ngumu, na ikiwa imenyooshwa kupita mpaka wake hubaki na sehemu ya upana iliyopata, huku chuma cha tundu nacho, kilichokuwa kimetanuka kidogo, kikirejea na kuibana. Hapo ganda huwa limeshikwa kama kabari ndani ya mti.

Historia ya Afrika Mashariki ina alama yake katika jambo hili. Risasi ya kugongwa ukingoni ilianzishwa Paris na Louis-Nicolas Flobert mwaka 1845, na mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson nchini Marekani ikatoa bastola ndogo ya silinda iliyotobolewa kutoka upande mmoja hadi mwingine, ambayo ndiyo iliyoruhusu risasi kuingizwa kwa nyuma. Bastola hiyo haikuwa na chombo chochote cha kutolea maganda: mpigaji aliichomoa silinda nzima na kulisukuma ganda moja baada ya jingine kwa kijiti kilichowekwa chini ya mtutu, na ni mwaka 1870 tu ndipo bastola kubwa ya kampuni hiyo, inayofunguka kwa kukunjika katikati, ilipoanza kuyatoa yote kwa pamoja. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, miongoni mwa silaha za msafara wake zilikuwamo bunduki za Henry na Winchester za risasi kumi na sita, ambazo nazo zilitumia risasi za kugongwa ukingoni, za kipimo kikubwa kuliko .22. Kwa hiyo teknolojia hii ilipita katika njia ya Ugogo na Unyanyembe mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Mfano wenye mafunzo zaidi, ingawa hauhusu risasi ya ukingoni, unatoka Sudani. Katika vita vya Abu Klea tarehe 17 Januari 1885, bunduki za Martini-Henry za jeshi la Uingereza zilikwama katikati ya mapigano. Maganda ya risasi zao yalikuwa ya karatasi nyembamba ya shaba iliyoviringishwa, kitako chake kikiwa kimeungwa kando, na joto la bunduki pamoja na mchanga vilipoufanya mwili wa ganda ushikamane na ukuta, kitoleo kilikipata kitako peke yake na kukirarua, mwili ukabaki ndani. Dawa haikuwa kumpa askari mkono wenye nguvu zaidi. Ilikuwa kubadilisha ganda liwe la kipande kimoja cha shaba iliyovutwa. Anayeisoma habari hiyo kwa makini ataona mambo matatu ambayo yatarudi tena hapa: ganda dhaifu, chembechembe za ardhi, na nguvu iliyoelekezwa mahali pasipoweza kuistahimili.

Bastola ya silinda ina ugumu wake hata inapolinganishwa na silaha nyingine za .22. Katika bastola inayojilisha yenyewe, gesi ndiyo inayolisukuma ganda nyuma likiwa bado na joto, na mkono wa chuma huliongoza tu. Katika bastola ya silinda, kazi yote hubaki kwa mkono wa mtu. Silinda hufunguliwa pembeni, kisha kijiti husukumwa kwa kiganja, nacho huinua nyota ya chuma iliyo katikati ya silinda, na miguu ya nyota hiyo huzinyanyua kingo za maganda yote kwa wakati mmoja. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba kila ganda linahitaji msukumo wa kilo mbili tu, silinda ya matundu kumi itadai kilo ishirini kupitia kijiti chembamba kuliko kalamu. Tena kila mguu wa nyota hugusa sehemu ndogo tu ya ukingo, ule ukingo laini uliokwisha kupondwa na pini, na ukisukumwa kwa hasira ukingo hukunjika, nyota huupita, na ganda hurudi kukaa chini ya nyota. Hali hiyo ni mbaya kuliko ya mwanzo, kwa sababu sasa nyota hairudi mahali pake na silinda haifungiki. Bastola za mtindo wa zamani, ambazo ganda hutolewa moja moja kupitia kijilango cha pembeni, hazisumbui hivyo, kwa kuwa kijiti husukuma kutokea ndani na hakiutegemei ukingo hata kidogo. Ni polepole, lakini upole huo una faida ambayo walenga shabaha wa mbio huisahau.

Uchafu ndio chanzo kinachoongoza, na hapa mazingira ya Kitengela yanaingia. Kichwa cha risasi ya .22 ndefu ni cha madini ya risasi, na tofauti na vichwa vya risasi nyingine nyingi, upana wake ni sawa na wa ganda lenyewe. Sehemu yake ya nyuma tu ndiyo imepunguzwa kama kisigino ili iingie ndani ya mdomo wa ganda. Kwa kuwa sehemu ya nje iko wazi, mafuta au nta ya kulainishia hupakwa juu yake, na nta hiyo hushika kila kinachopita hewani. Wakati wa kiangazi, udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kapiti hupasuka na kugeuka unga, malori ya kokoto na ya mifugo huupandisha, na upande wa Athi River viwanda vya saruji vimesimama kwa miongo mingi. Risasi iliyoachwa katika sanduku lililo wazi juu ya meza ya uwanja wa shabaha hukusanya unga huo, huingia nao tunduni, na masizi ya baruti na mabaki ya madini ya risasi huuganda pamoja na nta kuwa ukoko mgumu. Chembe za mchanga wa kwazi ni ngumu kuliko shaba na ngumu kuliko vyuma vingi, kwa hiyo hazizuii tu, bali huchora. Tundu lililochorwa ni kama mfereji: ganda linapotanuka huingia katika mikwaruzo hiyo na kuishika.

Ukoko huo una umbo lake maalumu pale ambapo mpigaji amezoea kutumia risasi fupi za .22 katika tundu la risasi ndefu. Ganda la risasi fupi lina urefu wa milimita 10.7 tu, hivyo baruti yake huunguzia mbele ya mdomo wake, katika sehemu ya tundu ambayo ganda refu lingeifunika. Baada ya mamia ya risasi fupi, pete ya masizi hujengeka hapo, na siku risasi ndefu inapoingizwa, mdomo wa ganda hupandishwa juu ya pete hiyo kwa nguvu, kisha hutanuka juu yake. Wengi huilaumu risasi mpya waliyoinunua siku hiyo, ilhali mkosaji ni ile ya mwaka mzima uliopita.

Kuna adui mwingine wa ganda ambaye hazungumzwi sana, naye katika Kajiado yuko karibu mno na makazi. Wakati wa ukoloni wa Uingereza nchini India, maofisa walishangaa kuona maganda ya shaba ya risasi yakipasuka ghalani kila msimu wa mvua za masika bila kufyatuliwa, hata hali hiyo ikapewa jina la kupasuka kwa msimu. Maelezo yake ya kisayansi yalitolewa mwaka 1921 na watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson. Risasi zilikuwa zimehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Mkojo wa wanyama hutoa gesi ya amonia. Unyevu wa mvua huipeleka amonia hiyo juu ya shaba. Na shaba ya aina hiyo, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ikiwa bado ina mkazo uliobaki ndani yake tangu ilipovutwa kiwandani, huanza kupasuka kwenye mipaka ya chembe zake. Mfugaji wa Kajiado anayeweka sanduku la risasi katika chumba kinachopakana na zizi la ng'ombe au mbuzi amerudia mazingira yale yale ya India bila kukusudia, hasa kati ya Machi na Mei mvua ndefu zinaponyesha. Ganda lenye ufa usioonekana halipasuki ghalani siku zote. Mara nyingi hungoja kanieneo. Ufa hufunguka ndani ya tundu, gesi hupenya kando, masizi huingia kati ya ganda na ukuta, na ganda lililochanika hukwama kwa namna ambayo hakuna nyota inayoweza kulisaidia. Hali hiyo ni sababu tosha ya kuziweka risasi katika kisanduku kikavu kinachofungwa vizuri, mbali na zizi, na mbali pia na dawa za kusafishia zenye amonia, ambazo baadhi ya watu huzihifadhi katika kabati moja na risasi.

Joto linalaumiwa kuliko linavyostahili. Ni kweli kwamba shaba nyeupe hutanuka zaidi ya chuma inapopata moto, takriban sehemu 19 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, huku chuma kikitanuka sehemu 12 hivi. Lakini hesabu yenyewe inafaa ifanywe. Kwa ganda lenye upana wa milimita 5.7, ongezeko la nyuzi 50 huleta tofauti ya milimita 0.002 tu kati ya ganda na tundu. Kiasi hicho hakilikwamishi ganda katika tundu safi lenye vipimo sahihi. Jua la Isinya au la Magadi huleta madhara kwa njia nyingine: hulainisha nta mpaka ikatiririka na kuchanganyika na masizi, na risasi iliyoachwa katika gari lililofungwa madirisha huweza kuungua kwa kanieneo la juu kuliko lililopangwa. Kusubiri silinda ipoe ni ushauri mzuri, ila anayesubiri kila mara bila kusafisha anatibu homa na kuacha malaria.

Chanzo cha mitambo kinachofuata uchafu kwa umuhimu ni pini kugonga mdomo wa tundu. Kwa kuwa pini ya bastola hizi hugonga pembeni, mahali inapotua pakiwa hapana ukingo wa shaba, pini hukutana na chuma cha silinda. Bastola nyingi za kisasa zina kizuizi kinachoisimamisha pini kabla ya kufika hapo, lakini nyingi za zamani hazina, na pini iliyobadilishwa kwa ndefu kupita kiasi inaweza kufika hapo hata kwenye bastola mpya. Kifyatulio kikivutwa mara nyingi bastola ikiwa tupu, kwa mazoezi au kwa mchezo, pini huchimba kishimo kidogo mdomoni mwa tundu, na chuma kilichosukumwa na kishimo hicho huingia ndani ya tundu kama jino. Jino hilo hupitisha risasi mpya kwa shida na hulizuia kabisa ganda lililotanuka. Alama yake ni dhahiri: tundu moja au mawili tu ndiyo yanayokwama, na ganda linalotoka humo lina mkwaruzo mmoja mrefu, daima upande ule ule ambao pini iliugonga.

Jambo la risasi isiyofaa linaweza kuelezwa kwa ufupi. Risasi ya .22 Magnum, iliyotolewa mwaka 1959, si risasi ndefu ya kawaida iliyoongezwa nguvu. Ganda lake ni pana zaidi, milimita 6.15 kwa 5.74, na refu zaidi. Baadhi ya bastola huuzwa na silinda mbili, moja kwa kila aina. Risasi ya kawaida ikiingizwa katika silinda ya Magnum italegea ndani, itawaka, na ganda lake, lililokosa ukuta wa kuegemea, litavimba au kuchanika kwa urefu. Kosa hilo halina dawa isipokuwa kutolifanya.

Ganda lililotoka, hata likitoka kwa taabu, ni ushahidi, na inasikitisha kwamba katika viwanja vingi vya shabaha hufagiliwa pamoja na takataka. Mpigaji makini huyapa matundu yake namba, hupiga risasi chache za aina moja katika kila tundu, na kuyaweka maganda ya kila tundu katika bahasha yake. Ikiwa matundu yote yanakwama kwa kiwango kimoja, mtuhumiwa ni uchafu au shehena ya risasi, na kubadilisha risasi peke yake kutaonyesha ni kipi kati ya hivyo viwili. Ikiwa tundu moja tu linakwama, tatizo limo katika chuma. Masizi yaliyotapakaa ubavuni mwa ganda husema kwamba ganda halikuziba vizuri, pengine kwa sababu kanieneo lilikuwa dogo au tundu ni pana. Uvimbe karibu na ukingo husema kwamba risasi haikukaa mpaka mwisho, na hapo mpigaji anapaswa kuacha mara moja, kwa kuwa sehemu isiyoegemezwa na chuma ndiyo inayopasuka. Mikwaruzo ya kuzunguka ganda huonyesha alama za zana ya kiwandani zilizobaki ndani ya tundu bila kulainishwa. Maganda ya tundu moja yaliyokusanywa kwa uangalifu huweza kumwambia fundi zaidi ya nusu saa ya maelezo.

Usafi wenyewe si kazi ngumu, bali ni kazi inayotaka mpangilio. Brashi ya shaba yenye upana unaotosha tundu, dawa ya kuyeyusha masizi, na kitambaa kikavu vinatosha. Kila tundu lisuguliwe peke yake kutoka nyuma kwenda mbele, kisha likaushwe, kwa maana mafuta yaliyoachwa ndani hushika vumbi la safari ya kurudi nyumbani. Chini ya nyota pana umuhimu sawa na tundu lenyewe: punje za baruti isiyoungua hudondoka hapo silinda inapofunguliwa mdomo wa mtutu ukiwa umeelekea chini, na punje moja tu inaweza kuiinua nyota kiasi cha kuzuia silinda isizunguke. Ndiyo maana walimu wa shabaha hufundisha kwamba maganda yatolewe mtutu ukiwa umeelekezwa juu, silinda ikiwa wazi, kwa pigo moja la haraka la kiganja juu ya kijiti. Pigo moja la uhakika huziinua kingo zote kwa pamoja. Msukumo wa polepole huzikunja moja moja. Karatasi ya msasa, drili na waya wa chuma havina nafasi yoyote ndani ya tundu. Kila sehemu ya mia ya milimita inayoondolewa hapo hairudi, na tundu lililopanuliwa huongeza kutanuka kwa ganda, yaani huongeza ugonjwa ule ule uliokuwa ukitibiwa.

Usalama una kanuni yake ambayo haiwezi kuachwa iingie kwa bahati. Kitako cha ganda lililokwama huonekana sawa na kitako cha risasi nzima iliyokwama, na kwa risasi za kugongwa ukingoni, kuisukuma risasi iliyo hai kwa chuma kilichochongoka ni kuigonga fataki yenyewe, kwa kuwa fataki imo mle mle ukingoni. Risasi ikikataa kuwaka, bastola huelekezwa kwenye ukingo wa udongo wa uwanja kwa nusu dakika kamili kabla ya silinda kufunguliwa, maana fataki dhaifu huweza kuchelewa. Ganda lililokwama husukumwa kwa kijiti cha mbao au cha shaba kutoka mbele ya tundu baada tu ya kuhakikishwa kwamba alama ya pini ipo na kwamba ganda, likitazamwa kutoka mbele ya tundu, halina kichwa ndani yake.

Inafaa isemwe pia kwamba katika Kajiado jamaa za risasi hii hazimo katika michezo peke yake. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, lakini aina fulani za bunduki zinazorusha sindano za dawa ya kuwalaza wanyama husukumwa na risasi tupu za .22, zisizo na kichwa. Simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alipotoka katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi na kuuawa kwa risasi za kweli karibu na Isinya mwishoni mwa Machi 2016, kilio kilichosikika kote nchini kilikuwa kwamba dawa ya kumlaza haikufika kwa wakati. Tukio hilo halikutokana na ganda lililokwama, lakini linaonyesha dakika zina thamani gani katika kazi ya aina hiyo, na bunduki ya sindano iliyokwama ganda lake la kwanza haina la pili. Vivyo hivyo mafundi wa ujenzi katika miji inayokua haraka kama Kitengela hukutana na vijirisasi vya ukingoni katika bunduki za kupigilia misumari kwenye zege, na baadhi ya vifaa vya kuzimisha ng'ombe kabla ya kuchinjwa hutumia nguvu ya aina hiyo. Masizi, ukingo laini na vumbi havichagui kifaa.

Mwisho kuna sheria, na hapa mji wenye mafundi hodari wa jua kali una kishawishi chake. Mtu anayeweza kuchomelea geti la nyumba kwa ustadi, au kuchonga ekseli ya trekta, anaonekana anafaa kuondoa jino dogo ndani ya tundu lisilofika milimita sita. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, haioni hivyo: kutengeneza au kukarabati silaha kama biashara kunaruhusiwa kwa muuzaji wa silaha aliyesajiliwa tu, na mmiliki mwenyewe hutakiwa kuwa na cheti halali kinachosimamiwa na Bodi ya Utoaji Leseni za Bunduki. Sharti hilo halipaswi kuonekana kama urasimu mtupu. Fundi wa silaha ana kifaa cha kulirudisha jino la chuma mahali pake bila kukata kitu, na ana kipimo cha kujua kama tundu limekwisha kupita mpaka, jambo ambalo faili ya karakana haiwezi kulijua. Kwa hiyo mmiliki wa Kitengela ambaye bastola yake imesafishwa ipasavyo, imejaribiwa kwa risasi za aina mbili, na bado tundu lake la nne, kwa mfano, linakataa kuliachia ganda, na aache kuifyatua bastola hiyo, aipeleke ikiwa tupu kwa muuzaji aliyesajiliwa, na aweke juu ya meza yake bahasha yenye namba nne pamoja na maganda yaliyomo.